Wiki ya Watu Wawili

Asubuhi ya pili baada ya harusi ya Olfa, kitindamimba wao, Naziha alikaa kwenye ngazi za uani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, akamwambia mumewe jambo alilolitunza moyoni tangu alipokuwa bibi harusi mwenyewe.

"Nataka wiki moja. Bahari. Mimi na wewe tu. Tulale mahali pasipo na mtu yeyote tunayemjua."

Lazhar alikuwa anapanga viti vya kukodi. Alisimama na kiti mkononi. Nyumba yao ya Beja haikuwahi, hata kwa usiku mmoja, kuwa na watu wawili. Alipomwoa Naziha, mama yake ndiye aliyekuwa kwenye chumba kikubwa, na wadogo zake kwenye vile vingine. Wadogo walipooa na kuhama, watoto walikwisha kuzaliwa. Watoto walipokua, wakaja wanafunzi kutoka vijiji vya milimani, watoto wa wafugaji waliohitaji pa kulala karibu na shule. Kisha wajukuu. Hata mama mzee alipofariki, chumba chake kilipata mkazi mpya kabla turubai la msiba halijafunguliwa.

Yote hayo yalikuwa na chanzo kimoja: Lazhar hakujua kusema hapana. Alikuwa daktari wa mifugo, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa, aliyeweza kumzalisha ng'ombe kwenye tope la Januari bila kutetemeka. Lakini mtu akimtazama machoni na kumwomba kitu, ulimi wake ulikuwa unasema "karibu" kabla kichwa hakijaulizwa.

"Umepata," alimwambia mkewe.

"Najua nimepata," Naziha alisema, akichezesha vidole ndani ya maji. "Ningekuomba mwezi, ningepewa mwezi. Kazi si kunikubalia mimi, Baba Olfa. Kazi ni kuwakatalia wengine wote."

"Safari hii utaona."

"Nitaona," alijibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tiketi ya sarakasi.

Waliondoka mwanzoni mwa Septemba, watoto wa shule wakiwa wamesharudi mijini na bahari bado ina joto la kiangazi chote. Pijo yao nyeupe ilikuwa nzee lakini ilijua adabu. Lazhar aliendesha polepole, kama mtu anayepeleka mayai. Mpango ulikuwa mzuri: Kelibia kwanza, kisha kushuka na pwani mji kwa mji, Hammamet, Susa, hadi pale watakapochoka. Chumba cha Kelibia alikuwa amekikodi mapema, dirisha lake likitazama maji.

Hawakukiona hata kitasa chake. Lazhar alisimama kununua petroli mlangoni mwa mji, na aliyekuwa kwenye pampu ya pili alikuwa Hedi, binamu yake upande wa mama.

"Si Lazhar!" Hedi alipiga kelele hadi mbwa akaamka. "Umekuja mjini kwangu na masanduku? Masanduku yanakwenda wapi?"

"Tumekodi chumba, Hedi. Kidogo tu. Karibu na..."

"Chumba!" Hedi alishika kifua. "Mtoto wa shangazi yangu alale kwa watu wa kulipia, na mimi nina nyumba? Nikienda msikitini niseme nini? Niambie wewe msomi, niseme nini?"

Lazhar alimtazama. Hedi naye akamtazama machoni. Kwenye kiti cha mbele, Naziha alianza kujifunga mkanda upya, maana alijua wanageuza njia.

Walikaa kwa Hedi siku tatu. Nyumba ilikuwa imejaa, kwa hiyo wanawake walilala ndani na wanaume juu ya paa. Kila asubuhi mume na mke walikutana uani kwenye chai, kama majirani.

"Fungate imenoga," Naziha alimnong'oneza asubuhi ya mwisho, akimpitishia mkate na harisa, pilipili yao ya kusaga. "Umelalaje, bwana harusi?"

"Hedi anapiga mateke."

"Mimi nimelala na mama yake. Bibi ana miaka tisini, lakini anakoroma kwa upole kuliko wewe. Nafikiria kubadilisha."

Alicheka, naye Lazhar akacheka, lakini alimwona akitazama upande wa bahari, ambayo kutoka pale ilikuwa kijistari cha buluu kati ya matangi mawili ya maji. Hawakuwa wamekwenda hata mara moja. Kila walipotaka kutoka, palikuwa na mtu anakuja kuwasalimia.

Na sasa Hedi alikuwa anasema wabaki hadi Ijumaa, kuna posa ya mpwa wake, haiwezekani waondoke kabla ya posa.

Lazhar alijua kwamba "hapana" haitatoka. Aliitafuta kooni, haikuwepo. Lakini kilitoka kitu kingine, ambacho hata yeye hakukitarajia.

"Hedi, ndugu yangu, tungependa. Ila Naziha... daktari amesema anahitaji hewa ya bahari na utulivu. Utulivu mkubwa. Asikae kwenye watu wengi."

Uso wa Hedi ulibadilika. Hakuuliza lolote. Alimshika Lazhar bega, akambusu shavu huku na huku, akaenda mwenyewe kupakia gari: mashada ya pilipili kavu, dumu la mafuta ya zeituni, chupa ya maji ya maua ya mchungwa, na zabibu zilizofunikwa kwa majani yake. Waliagwa kwa dua nyingi. Mama yake Hedi alimshika Naziha mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, machozi yakimtoka.

Barabarani Lazhar alikuwa anapiga mluzi. Alijisikia kama mtu aliyeruka ukuta.

"Kwa nini yule bibi amenililia?" Naziha aliuliza.

Akamweleza. Naziha akamgeukia.

"Daktari gani?"

"Mimi."

"Wewe ni daktari wa ng'ombe!"

"Sikusema wa nini. Nimesema daktari."

Naziha alianza kucheka. Alicheka hadi akalazimika kufungua kioo apate hewa, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Basi niambie, daktari. Nina nini? Kwato? Au nimepunguza maziwa?"

"Umechoka na watu."

"Huo ugonjwa umeuleta wewe zizini."

Zilikuwa siku mbili nzuri kuliko zote walizowahi kupata. Walisimama popote walipopenda. Mjini Nabeul, Naziha alichagua bakuli la udongo kwa saa nzima, akabishana na muuzaji, akaondoka bila kununua, akarudi, akanunua lingine kabisa. Walikula zabibu za Hedi chini ya mzeituni wa mtu na kutema mbegu mbali kwa kushindana. Hammamet walitembea chini ya ukuta wa mji mkongwe jioni jua likiwa bado halijazama, na Lazhar akanunua kishada cha yasmini kilichofungwa kwa uzi, akakiweka nyuma ya sikio kama vijana.

"Kitoe. Watu watadhani unatafuta mke."

"Waache wadhani, wataona nilishapata."

"Hee! Daktari ameanza kusema maneno," Naziha alisema. Lakini hakumwambia tena akitoe.

Kwenye chumba cha Hammamet waliweka masanduku na wakaanza kufungua, ndipo simu ikalia. Alikuwa Olfa, analia.

"Baba, Mama ana nini? Msinifiche! Mjomba Hedi amempigia kaka, kaka kanipigia mimi. Kwa nini mmesubiri niolewe kwanza?"

Ilichukua muda mrefu kumtuliza. Naziha alizungumza naye, akamwimbia kidogo kama alipokuwa mdogo, akamwambia yuko mzima kabisa, na kadiri alivyosema yuko mzima ndivyo Olfa alivyozidi kulia, maana katika familia ile mgonjwa mahututi ndiye husema yuko mzima. Mwishowe Olfa alikubali kulala, kwa sharti aambiwe watakuwa wapi kesho. Lazhar akamtajia hoteli ya Susa.

Alipokata simu, Naziha alikuwa anamtazama.

"Umenifanya mgonjwa, Lazhar," alisema. Hakusema Baba Olfa, wala daktari.

"Ni uongo mdogo tu. Utapoa."

Hapo ndipo Lazhar alipoonyesha kwamba, pamoja na umri wake wote, alikuwa hajawajua watu wake. Kwao mgonjwa haachwi apumzike. Harusi unaweza kukosa, ukasamehewa. Posa unaweza kutuma zawadi. Lakini mgonjwa asipoona nyuso za ndugu kitandani pake, aibu ni ya ukoo mzima. Mtu anayetaka kuwakimbia ndugu zake anaweza kusema amefilisika, au amegombana na mkewe. Yeye, kati ya visingizio vyote duniani, alichagua kile kimoja kinachowaita.

Susa, kwenye mlango wa hoteli, walimkuta Muiz amesimama. Muiz alikuwa mtoto wa Shangazi Beya wa Mahdia, shangazi yake Lazhar, mwanamume mpole mwenye kitambi, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaka Lazhar. Shemeji." Hakuweza kumtazama Naziha usoni. "Mama ameniambia nisirudi bila nyinyi. Chumba chenu hapa nimeshakifuta. Mama ametandika tayari."

 Naziha alimgeukia mumewe na kumngoja.

Lazhar aliona anavyongojwa. Aliona pia ukumbi wa hoteli nyuma ya Muiz, ngazi za marumaru, na mwishoni mwake mlango wa kioo ambao bahari ilikuwa inang'aa ndani yake, karibu kiasi cha kuinusa. Neno moja tu. Lakini Shangazi Beya ndiye aliyekuwa akimpokea kila likizo ya utoto wake, ndiye aliyemfundisha kula samaki bila kukwamwa na miiba. Akafungua mdomo.

"Kama Shangazi amesema..."

Naziha akageuka, akarudi kwenye gari, akakaa.

Safari ya Mahdia si ndefu, lakini Lazhar aliiona ndefu. Alikuwa amezoea utani wa mkewe kama mtu anavyozoea sauti ya friji. Alitambua kuwa ulikuwepo siku zote pale ulipozimika. Alijaribu.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

 Mashamba ya mizeituni yalipita, mstari baada ya mstari.

"Kesho nitapanda gari la abiria nirudi Beja," Naziha alisema baadaye, bila hasira. "Nyumbani watu wamejaa, lakini angalau najua sufuria ziko wapi. Usijali. Sikulaumu. Ulijaribu."

Maneno yale mawili ya mwisho yalimuuma kuliko kutukanwa. Aliendesha, taa za nyuma za gari la Muiz zikiwa mbele yake, akajiona jinsi alivyo: mtu aliyempa kila mtu kila alichoomba, kwa mali ya mwanamke mmoja.

Shangazi Beya alikuwa mdogo wa mwili na mkubwa wa sauti. Aliwapokea mlangoni kwa kilio, akamkumbatia Naziha kiunoni maana hakufika juu zaidi, akamtangazia kwamba kondoo ameshachinjwa, nadhiri imeshawekwa, na kwamba haendi popote hadi apone. Nyumba ilikuwa na harufu ya kuskusi na ubani. Wanawake wa mtaa walikaa kuzunguka ukuta, kila mmoja na jamaa yake aliyewahi kuugua hivyohivyo na akafa, au akapona, kutegemea moyo wa msimuliaji.

"Ni nini hasa?" jirani mmoja alimnong'oneza Lazhar.

"Ni... uchovu," alisema Lazhar.

"Aaa," jirani alisema, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Ndivyo wanavyouita siku hizi."

Kesho yake Naziha hakupanda gari lolote. Kabla ya kumaliza chai yake, Shangazi Beya na wanawake walishamchukua kwenda ufukweni. Lazhar alikaa kwenye mkahawa na wanaume, akisukuma domino bila kujua anacheza nini, hadi jua lilipokuwa kali na Muiz akaja kumwita.

"Mama anakutaka. Anasema wewe ni daktari, uje umwone kabla hawajaongeza."

"Kuongeza nini?"

"Mchanga."

Ufuo ulikuwa mweupe na maji yametulia kama sahani. Chini ya mwavuli, wanawake walikuwa wamekaa duara na birika la chai. Katikati ya duara palikuwa na kichuguu kirefu cha mchanga wa moto, na mwishoni mwa kichuguu palikuwa na kichwa cha mke wake, kimefungwa mtandio, uso mwekundu unatoka jasho. Watu wa kule huzika viungo vinavyouma kwenye mchanga wa kiangazi. Shangazi Beya, kwa kuwa hakujua kinachouma ni kipi, alikuwa amemzika mwili wote.

Naziha aliinua macho.

"Daktari," alisema, "hebu nitazame. Nimeiva?"

Wanawake wakacheka kwa upole, kama mtu anavyocheka na mgonjwa. Lazhar hakucheka. Alipiga magoti. Aliona chembe za mchanga kwenye kope za mkewe, na akaelewa. Neno moja la Naziha lingemaliza yote. *Siumwi. Mume wangu amewadanganya.* Angefukuliwa papo hapo. Tangu asubuhi alikuwa amelala ndani ya jiko hili la Mungu na hakulisema, ili jina la Lazhar lisiharibike mbele ya shangazi yake.

"Anaendelea vizuri," Shangazi Beya alisema, akimnywesha Naziha mchuzi kwa kijiko. "Jasho ni zuri. Sasa sikiliza, mwanangu. Dawa hii inataka wiki nzima. Wiki nzima atalala chumbani kwangu, nimsugue mafuta. Wewe huku huna kazi, utatusumbua tu. Rudi Beja, ukae na wajukuu, uje umchukue Ijumaa ijayo. Sawa?"

Alimtazama machoni. Shangazi Beya alikuwa na macho mazuri ya kahawia, yaliyojaa upendo mtupu, na hayo ndiyo yaliyokuwa magumu kuliko yote.

"Hapana," Lazhar alisema.

Ilitoka ndogo, imechakaa, kama kitu kilichokaa kabatini muda mrefu. Hakuna aliyeisikia ila Naziha. Kichwa chake kiligeuka kidogo mchangani.

"Umesemaje?" Shangazi aliuliza.

"Nimesema hapana, Shangazi. Haumwi. Hajawahi kuumwa. Nilimdanganya Hedi."

Kijiko kilisimama hewani. Mwanamke mmoja alianza kucheka kwa wasiwasi, akanyamaza.

"Ulimdanganya," Shangazi alirudia. "Juu ya maradhi. Nimeweka nadhiri, Lazhar! Nimechinja! Kondoo wa watu amekufa kwa ajili ya uongo?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa nini? Una madeni? Unafukuzwa na polisi? Kwa nini mtu mzima aseme mke wake anaumwa?"

Visingizio vilikuja, vingi, vimepanga foleni. Lazhar aliviona na akaviacha vipite. Alihisi masikio yake yanawaka, maana kuna mambo ambayo mwanamume wa rika lake hayasemi hata akiwa peke yake kwenye gari, sembuse mbele ya wanawake wa mtaa mzima na birika la chai.

"Kwa sababu nataka kukaa na mke wangu," alisema. "Mimi na yeye. Mahali bila mtu. Tangu nimuoe sijawahi kuketi naye mezani tukiwa wawili. Nampenda, na nataka kukaa naye, na sitaki mtu mwingine yeyote awepo. Hata nyinyi. Hasa nyinyi."

Muiz aligeuka ghafla kutazama bahari, kana kwamba ameitwa kutoka huko. Wanawake wawili vijana walifunika nyuso kwa mitandio na mabega yao yakaanza kutetemeka.

"Baba Olfa," kilisema kichwa mchangani, kwa sauti ndogo, "hiyo 'hasa' haikuwa lazima."

"Astaghafiru!" Shangazi Beya alisema. "Mwanamume wa umri wako! Una wajukuu!"

"Ninao, Shangazi. Wote wanalala chumbani kwetu."

Hapo wale vijana hawakuweza tena. Mmoja alicheka kwa sauti, na kicheko kikaambukiza duara lote, hata yule jirani wa huzuni. Lakini Shangazi hakucheka. Alisimama, akajipangusa mchanga kwenye gauni, na Lazhar aliona kwamba amemuumiza kweli, na kwamba hakukuwa na njia ya kusema lile neno bila kumuumiza mtu. Labda ndiyo maana alikuwa amelikwepa maisha yake yote, akidhani akilikwepa hakuna anayeumia.

"Mfukueni," Shangazi alisema. "Nendeni. Na leo, wallahi, mtaondoka nyumbani kwangu mikono mitupu. Sitawapa hata mkate."

Nyumba ile haikuwahi kumtoa mgeni mikono mitupu. Lazhar alijua uzito wake. Aliinama kumbusu kichwa. Shangazi alikipeleka pembeni, lakini si mbali sana, na busu likaangukia kwenye mtandio.

Naziha alisimamishwa, anadondosha mchanga kama gunia lililochanika. Shangazi alimtazama kwa ukali.

"Na wewe! Umelala humo tangu asubuhi, hukuweza kusema?"

"Ningesema, Shangazi. Ila goti langu la kushoto limepona kweli. Nikasema nisubiri na la kulia."

Pembe ya mdomo wa Shangazi Beya ilicheza. Akageuka haraka wasiione.

Waliendesha kuelekea kusini hadi kufika Shebba, kijiji cha pwani ambako hawakuwa na ndugu, rafiki, wala mtu aliyewahi kusoma na mtu wao. Lazhar aliuliza mara mbili kuhakikisha. Mfamasia alikuwa na chumba cha kukodisha juu ya duka, akawapa ufunguo bila kuwauliza wao ni watoto wa nani.

Kabla ya kupanda juu, Naziha alivuka barabara, akavua viatu, akaingia baharini na gauni lake. Hakutazama nyuma. Lazhar alisimama kwenye ukingo, suruali imekunjwa, akihofia.

"Nasikia kuna samaki wanauma!"

"Watauma nini kwako, umebaki mifupa! Ingia!"

Akaingia. Maji yalikuwa ya joto. Mchanga wa Mahdia ukatoka kwenye nywele za mkewe, ukaelea kidogo, ukazama. Walisimama maji yakiwa kifuani, bila kushikana, maana barabara ilikuwa karibu, lakini karibu kiasi kwamba kila wimbi dogo liliwagusanisha mabega, na hakuna aliyesogea.

Chakula kilikuwa mkate, nyanya, zeituni na kopo la jodari. Chumba kilikuwa na meza moja na viti viwili. Lazhar alisimama, hakujua akae wapi. Nyumbani kiti chake kilikuwa mwisho wa meza, watu wengi kabla ya kumfikia Naziha. Hapa hapakuwa na mwisho.

"Kaa popote," Naziha alisema. "Meza haiumi."

Alikaa mbele yake. Na hapo likatokea jambo ambalo hakulitegemea: hakuwa na la kusema. Miaka yote hiyo walizungumza juu ya vichwa vya watu, kwa kupokezana sahani, kwa kuitana kutoka chumba hadi chumba: nani amekula, nani ana homa, nani anataka viatu. Sasa hapakuwa na nani. Alikata nyanya. Akaipaka chumvi kwa uangalifu wa daktari wa upasuaji. Naye Naziha alichovya mkate kwenye mafuta ya jodari na kutafuna, macho yake yakiwa dirishani. Lazhar alimwona naye anaona haya, kama binti aliyeletwa kuonyeshwa mchumba, na woga ukamwingia: je, kama baada ya yote, kondoo na Shangazi na kilio cha Olfa, hapa hakuna kitu? Je, kama watu wale wote ndio waliokuwa nyumba?

Ndipo alipoisikia. Ilikuwa sauti ndogo, karibu isiwepo. Akaacha kutafuna ili asikilize. Ilitoka kwa Naziha, kooni, juu na chini, kila alipotafuna, haina wimbo wowote unaojulikana.

"Unaimba," alisema.

"Nani?"

"Wewe. Ukila unaimba."

"Mimi? Siimbi."

"Unaimba, Naziha. Nimekusikia."

"Umejaa maji masikioni."

"Tafuna tena."

"Sitafuni kwa amri." Lakini alikuwa amekwisha kuwa mwekundu, mkono mdomoni, macho yanacheka. "Kweli naimba? Tangu lini?"

"Sijui," Lazhar alisema. Hakujua kabisa. Huenda tangu siku ya kwanza. Alivuta kiti chake kikazunguka kona ya meza, miguu ya kiti ikilalamika sakafuni, akamegea mkewe kipande kikubwa cha mkate, akakichovya vizuri pande zote, akamkabidhi.

"Haya," alisema. "Kidogokidogo. Nataka kusikia mpaka mwisho."